Mbogo Tatu za Mzee Yasini

Ukoo ukija yadi kununua gari, usimtazame anayeshika usukani. Mtazame yule ambaye wenzake wakimaliza kusema wote wanamgeukia. Huyo ndiye mnunuzi, hata kama amekaa kivulini anamenya chungwa na hajatia neno.

Hilo nilifundishwa na Mama Tereza, mke wa bosi wangu, na leo nawaambia ninyi vijana mnaouza magari kwa simu. Nawaona pale Bombambili. Mnalipiga gari picha kila upande, mnatuma, mteja anajibu kwa kidole gumba, biashara imekwisha. Sisemi mnakosea. Mnauza magari mengi kuliko nilivyowahi kuuza mimi. Ila mteja akishaondoka, hamjui amelala wapi. Sisi tulijua, maana mara nyingine alilala kwetu.

Mimi naitwa Fidelis, nakaa Lizaboni, hapa Songea. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa muuzaji kwenye yadi ya Mzee Gama. Tulikuwa mawakala wa aina moja tu ya gari, pikapu na magari madogo. Jina la kiwanda silitaji, na hapa kwetu hakuna aliyehangaika nalo. Nembo ya mbele ilikuwa na pembe mbili zilizopinda, basi watu wakayaita magari hayo Mbogo. Mtu alikuwa anaingia getini anasema, "Nimefuata Mbogo," kama anayekwenda kuwinda.

Yadi ile ilikuwa ya ukoo. Mzee Gama ndiye mwenye mali. Mama Tereza alikaa kwenye dirisha la malipo. Mafundi wote walikuwa watoto wa kaka zake mzee, na mlinzi alikuwa shemeji yake. Binti yao Tereza alifanyia kazi zake za shule chini ya meza ya vipuri. Mimi peke yangu ndiye sikuwa damu yao. Mchana tulikula wote sahani moja ya ugali, na waliniita mjomba kwa moyo safi kabisa. Lakini wakianza mazungumzo ya shamba la babu yao, nani alime wapi, nani alimkosea nani, mimi nilinyamaza na kwenda kunawa mikono. Mtu anaweza kupendwa mahali kwa miaka mingi na bado awe anajua saa ya kwenda kunawa mikono.

Kwa Mzee Gama, Mbogo haikuwa biashara tu. Mtoto wa dada yake aliwahi kuja kwenye sherehe ya kipaimara pale nyumbani na gari la aina nyingine, alilonunua Dar. Mzee alitoka barazani na chakula mkononi.

"Hilo ni la nani?"

"La kwangu, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kaliegeshe kwa jirani. Wewe uje kula."

Kijana akaliegesha kwa jirani, akaja kula. Watu walicheka mpaka jioni. Basi mji mzima ukajua kwamba kwa Mzee Gama huingii na gari la kigeni, na wateja wetu nao wakaiga ule ubishi. Waligombana kwenye vituo vya mafuta. Kuna harusi moja ya Bombambili ilichelewa misa kwa sababu upande wa bwana harusi hawakutaka bibi harusi wao apandishwe gari lisilo Mbogo. Padri alisubiri na mavazi yake mlangoni. Zilikuwa siku za kuchekesha.

Kuna mambo ya kazi ambayo nataka mbaki nayo. Ukikagua gari lililotumika, fika mapema na weka kiganja juu ya boneti kabla hujasalimia. Ikiwa ya moto, ujue mwenye gari ameliwasha kabla hujaja, na kuna jambo kuhusu kuwaka kwake asubuhi ambalo hataki ulione. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu wanaosha viti, wanaosha mazulia, mkanda wa ndani hawaukumbuki. Ukikuta tope limekaukia humo, gari hilo liliwahi kuogelea. Na tazama raba za pedali. Saa ya kilomita inarudishwa nyuma na fundi yeyote, lakini raba iliyolika na soli za viatu hairudi.

Na msikubali mteja ajaribu gari kabla hamjajua kama anajua kuendesha. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alinihakikishia kwamba anaendesha tangu ujana. Alikuwa na maana ya baiskeli. Tulipofika kwenye kona akainamisha mwili upande wa kushoto, vizuri kabisa, akisubiri gari limfuate. Gari likaendelea mbele mpaka kwenye mihogo ya watu. Akageuka akaniambia kwa upole, "Hili lina usukani mgumu." Na alilinunua. Akatafuta dereva.

Sasa nifike kwa Mzee Yasini, maana ndiye aliyenifanya nikae niyaandike haya.

Mzee Yasini alikuwa mkulima wa tumbaku na mahindi kutoka Lusewa. Mara ya kwanza alikuja na kaka zake, wajomba zake, na mkewe Bi Zuhura akiwa na mtoto mgongoni, Hamisi. Wanaume walizunguka pikapu ile wakipiga teke matairi. Huyu anasema bodi ni nyepesi, yule anasema injini ndogo. Nikakumbuka somo la Mama Tereza, nikangoja waishiwe maneno. Walipoishiwa, wote wakamgeukia Bi Zuhura.

Bi Zuhura alimkabidhi mtoto kwa mumewe. Akapanda nyuma ya pikapu, akatandika khanga, akalala chali kwa urefu wake wote mbele ya watu. Akanyoosha miguu, akajaribu mkono wa huku na wa huku, kisha akainuka akajipangusa.

"Mgonjwa analala," akasema. "Na mtu wa kumshika kichwa anapata pa kukaa. Tuchukue."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake alikuwa amekufa njiani, amebebwa kwenye baiskeli. Katika kuuza kwangu sikuwahi tena kusikia sababu ya kununua gari iliyonyooka kama ile.

Siku ya kukabidhi ufunguo tulipiga picha, ndivyo ilivyokuwa desturi ya yadi. Mzee Yasini akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa akahutubia ndugu zake. "Sikilizeni. Siku nikinunua gari lisilo Mbogo, msinihesabu tena kuwa mtu mwenye haya." Watu wakapiga makofi. Mzee Gama akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo nikisubiri amalize.

Alinunua ya pili miaka ilipopita, na ya tatu baadaye. Kila akija mjini alipita yadi hata kama hakuwa na shida ya kipuri. Akinikuta nikinywa chai, alivuta kiti. "Mdogo wangu Fidelis, mwaka huu mvua zimetuchezea." Aliniita mdogo wangu, na Hamisi alipokua akaniita Baba mdogo. Mke wangu Kolumba alipata unga wa Lusewa kila mavuno. Mungu hakutujalia mtoto, mimi na Kolumba, na kuna mwaka Hamisi aliumwa na akakaa kwetu wakati wa matibabu yake mjini. Kolumba alimpikia uji wa ulezi, akamfundisha kucheza karata. Alipopona na kurudi kwao, Kolumba aliacha kile kikombe chake juu ya kabati na hakutaka mtu akitumie.

Kolumba alipofariki, Mzee Yasini alikuwa wa kwanza kufika kutoka nje ya mji. Alikuja na pikapu imejaa kuni, na magunia ya unga juu yake. Yeye Mwislamu, sisi Wakatoliki, lakini alikaa siku zote za matanga, anapokea wageni mlangoni kama mwenye nyumba. Watu wa jumuiya waliuliza, "Huyu ni nani wenu?" Nikasema, "Kaka yangu." Sikueleza zaidi.

Kisha mambo yakageuka, kama mnavyojua. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia kwa wingi kutoka nje, bei nafuu. Kiwanda kikafunga uwakala wa huku kwetu. Vipuri vikawa vya kusubiri, halafu vikawa havipo. Mzee Gama akaugua, akafa akiwa bado anaamini kwamba kuna shehena inakuja. Mama Tereza alimfuata haikupita muda. Wale mafundi wakatawanyika, mmoja Makambako, mwingine Mtwara. Tereza alibaki na kiwanja, na sasa anauza vigae na masinki. Ni binti mwema. Nikipita ananipa soda. Lakini nikikaa pale katikati ya masinki namzuia mteja kupita, basi nakunywa haraka naondoka.

Vijana, kustaafu kwetu sisi wauzaji kuna jambo halizungumzwi. Mkulima akistaafu, shamba lipo, analitazama. Mwalimu akistaafu, wanafunzi wanamsalimia njiani. Sisi mali yetu ilikuwa watu, na watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya kitu. Kitu kikiondoka, huwezi kujua nani atarudi. Mwanzoni simu ililia, mtu anaulizia breki, mwingine anaulizia klachi. Nilijibu, "Hakuna siku hizi, jaribu Dar." Baada ya muda ikaacha kulia. Sasa ikilia ni ya mtandao, wananiambia bando limekwisha. Naishi mwenyewe, napika kidogo, nafagia uwanja asubuhi hata kama hakuna aliyekanyaga.

Mzee Yasini naye alinyamaza. Mwaka wa kwanza nilisema ana kazi nyingi. Mwaka wa pili nilisema ana umri. Baada ya hapo nilijiambia ukweli niliodhani ni ukweli, kwamba hakuwa kaka yangu, alikuwa mteja. Sikumpigia. Niliona haya kumpigia mtu ambaye sina cha kumuuzia.

Mwezi mmoja uliopita nilikuwa sokoni nanunua maharage. Muuzaji alikuwa ametoka upande wa Lusewa, nikamwuliza, kama mazungumzo tu, Mzee Yasini hajambo? Akaacha kupima.

"Mzee Yasini wa mabani ya kukaushia tumbaku? Si alishazikwa, mzee wangu. Ana wiki kadhaa sasa. Alifia hapahapa mjini, hospitali, wakampeleka kwao."

Nilimlipa, nikasahau kuchukua maharage. Akaniita nirudi.

Hapahapa mjini. Alilazwa mahali ambapo ningefika kwa mguu, na nilikuwa nyumbani nafagia uwanja. Sikukasirika kwanza. Hasira ilikuja kesho yake, nikiwa nafunga mfuko wa safari. Nilitaka kwenda Lusewa kuhani, lakini nilitaka pia waniambie usoni kwa nini.

Nilipanda gari la abiria mpaka Namtumbo, kisha jingine, na kipande cha mwisho bodaboda. Nilifika vumbi tupu. Hamisi alikuwa uani, mtu mzima sasa, mwenye ndevu na watoto wake. Aliponiona alisimama, kisha akafanya jambo la ajabu. Hakunikimbilia. Aligeuka akatazama upande wa zizi, ambako lilikuwa limeegeshwa gari jeupe la pikapu, la aina ileile mnayouza ninyi. Akavuta turubai akalifunika upande wa mbele.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Karibu ukae."

"Hamisi, mbona hamkuniambia?"

Akanipeleka barazani kwa mama yake. Bi Zuhura alikuwa ndani kwenye eda, kwa hiyo tulizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia la mlango. Sikuuona uso wake. Niliisikia sauti tu, na ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotarajia.

"Fidelis, umekuja," akasema.

"Nimekuja, shemeji. Nimechelewa, lakini sikuambiwa."

"Tulikataa kukuambia. Mimi ndiye niliyekataa."

Kuku alikuwa anapekua chini ya miguu yangu.

"Ile Mbogo ya mwisho ilifia njiani na tumbaku yote juu," akaendelea. "Mvua ikanyesha. Hamisi akasema, baba, vipuri hamna, tununue hili jingine. Mzee akakataa msimu mzima. Tulibeba mizigo kwa kukodi. Mwishowe akakubali, lakini siku lilipoingia humu uani alilia. Akasema, Fidelis asijue. Nilisema mbele ya watu, akasema, nilipanda juu ya ndoo nikasema. Tangu siku hiyo akienda mjini alimwamuru Hamisi apite nyuma ya soko, asikuone na wewe usimwone."

"Nyuma ya soko?"

"Barabara mbaya ile, ya mitaro. Kila safari. Hamisi akimwambia, baba, twende tukamsalimie kwa miguu, anasema, ataniuliza nimekuja na nini, na mimi siwezi kumdanganya Fidelis. Alipolazwa nikamwambia nikuite. Akasema, mtakuja kunichukua na gari lile, naye atakuwa amesimama pale. Basi nikamwachia. Hata alipokufa niliona nikikuita nitamuumbua."

Hasira yangu yote niliyobeba kutoka Songea ikakosa pa kukaa. Miaka yote ile nilikuwa nashinda kwenye kiti mbele ya nyumba, natazama barabara kubwa, nikihesabu kwamba amenisahau. Na yeye alikuwa anarushwarushwa kwenye mitaro upande wa pili wa majengo, mzee mwenye mgongo mbovu, kwa kuniheshimu.

"Shemeji," nikasema, "mimi mwenyewe ningemshauri anunue hilohilo. Angeniuliza tu. Ningekwenda naye kulikagua."

Pazia likatikisika kidogo. Nilisikia analia taratibu, na mimi nikalia barazani, na Hamisi akasimama baina yetu hajui amtulize nani.

Jioni akanipeleka kaburini. Hapakuwa na kitu ila udongo ulioanza kushikana na jiwe kila upande. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika yalikuwa hayafai tena, yalikuwa ya mtu aliyeachwa. Nikasema tu, "Kaka, ni gari zuri," nikasimama pale mpaka Hamisi aliponigusa bega.

Walinilaza kwao. Asubuhi Hamisi akasema atanirudisha. Alilivua turubai bila kunitazama, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Nilizunguka, nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, nikaukuta safi. Nikamwambia, "Ulichagua vizuri." Akapumua kwa nguvu, akacheka kwa mara ya kwanza. Njia nzima tuliongea habari za gari, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo, na karibu na Namtumbo nilisikia mvumo, nikamwambia beringi ya mbele imeanza kuchoka, aibadilishe. Tulipoingia mjini tulipita barabara kubwa. Hakuna aliyetutazama. Watu walikuwa wananunua vigae.

Hamisi ana shamba, ana watoto. Amenipigia mara kadhaa, na safari moja alileta unga. Sitawadanganya kwamba nyumba yangu imejaa watu. Jioni bado ni ndefu, na sufuria yangu bado ni ile ndogo. Hata hivyo ninawaomba jambo moja ninyi mnaouza kwa simu. Mteja wenu akinunua kwingine, mpigieni. Msingoje aje. Mfanyeni aone mapema kwamba hamkumpendea gari, maana yeye naye huenda anapita nyuma ya soko, na ninyi mnadhani ni dharau.

Mimi nimeanza kuwapigia wa zamani, ambao namba zao bado zinaita. Wengi hawapokei. Wiki iliyopita nilimpigia Bi Skola wa Mbinga, mfanyabiashara wa kahawa ambaye alinunua Mbogo mbili kwangu, na ambaye hatujaonana tangu yadi ifungwe. Simu iliita muda mrefu. Ikapokewa, na hapakuwa na sauti, ila kuku kwa mbali na mtu anayepumua. Kisha akasema taratibu:

"Fidelis, kabla hujasema lolote, kuna jambo sikukuambia, kuhusu gari."

"Gari baadaye, Skola," nikamwambia. "Kwanza wewe, hujambo?"